Kompyuta imefika, mkopo bado unachukua wiki tatu

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo huku Wete, Pemba. Wanachama wetu ni wakulima wa karafuu, walimu, akina mama wa biashara ndogondogo na wavuvi wa Kojani. Mwaka jana tulinunua programu pamoja na kompyuta tatu. Kabla ya hapo mkopo ulikuwa ukichukua wiki tatu kutoka. Sasa unachukua wiki tatu vile vile, na mara nyengine zaidi, kwa sababu tunaandika kwenye leja kisha tunaingiza kwenye kompyuta, na salio la huku halilingani na la kule. Wanachama wanatuuliza kompyuta ya nini. Mwenyekiti anataka tununue mfumo mkubwa zaidi, na muuzaji ameshaleta bei. Tununue, au kuna njia nyengine?

Jibu: Waalaykumu salaam, Bi Katibu.

Kwa sasa msinunue. Bei ya muuzaji iwekeni kando mpaka mjue wiki hizo tatu zinakwenda wapi, maana katika maelezo yako sioni pahala ambapo programu mliyonayo imeshindwa kazi. Iliwekwa ihifadhi kumbukumbu za mkopo uliokwishatoka, na hilo inalifanya. Hakuna aliyeiweka isaidie kuutoa.

Hebu tulifuate faili moja. Vyama vya aina yenu navijua, Unguja na Pemba, na safari ya faili haitofautiani sana. Mwanachama anatoka Kojani, anavuka kwa mashua, anapanda gari hadi Wete kuchukua fomu. Anarudi nayo kwao kutafuta barua ya sheha na saini za wadhamini wawili. Anaileta tena. Karani anaipokea. Mhasibu anafungua leja, anatafuta akiba ya mwombaji, kisha ya mdhamini wa kwanza, kisha ya wa pili, halafu anapekua kurasa kuona kama wadhamini hao wameshawadhamini watu wengine. Faili linangoja kamati ya mikopo, ambayo hukaa mara moja kila wiki mbili. Kamati ikipitisha, linakwenda kwa mwenyekiti, naye amekwenda Unguja kwenye msiba. Akirudi anatia saini, inaandikwa hundi yenye kuhitaji saini tatu, mwanachama anapigiwa simu, analipwa. Ndipo sasa, mambo yote yamekwisha, karani anafungua kompyuta na kuingiza jina, kiasi na tarehe.

Kwa hivyo chombo pekee hapo ofisini kinachoweza kueleza mara moja akiba ya mwombaji, deni lake, na mizigo waliyoibeba wadhamini wake, kinaulizwa baada ya fedha kutoka. Ni sawa na kumuuliza nahodha kina cha maji baada ya chombo kupwelewa. Mkinunua mfumo mkubwa na kuuweka pahala pale pale, mkopo utachelewa kama unavyochelewa leo, na fedha za wanachama zitakuwa zimeshatumika.

Kazi ya kwanza haina gharama. Chukueni mafaili kumi ya mikopo iliyotoka karibuni, wala msichague yaliyokwenda vizuri. Kwa kila faili andikeni tarehe fomu ilipopokelewa, tarehe mhasibu alipomaliza kuhakiki, tarehe kamati ilipokaa, tarehe ya saini ya mwenyekiti, ya hundi, na siku mwanachama alipopokea fedha. Pembeni andikeni makisio ya muda ambao mtu alilishika faili lile na kulifanyia kazi. Kupokea na kukagua fomu, robo saa. Mhasibu kupekua leja, pengine saa nzima. Kamati kulijadili, dakika kumi. Kuandika hundi, dakika tano. Jumlisheni. Naamini mtakuta kazi yenyewe haifiki hata nusu ya siku ya ofisi, na siku zote zilizobaki faili limelala juu ya meza likimngoja mtu au likingoja kikao. Hizo ndizo wiki tatu zenu. Kuandika haraka zaidi hakupunguzi hata siku moja ya kungoja. Na ukiwa na jaduweli hiyo mkononi, mazungumzo yako na mwenyekiti yatakuwa mepesi, kwa sababu mtakuwa mnazungumzia tarehe zilizoandikwa na ofisi yenu wenyewe.

Katika fani yetu ya kupanga upya kazi za ofisi kuna kisa kinachotajwa sana, nacho kinakuhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya magari ya Ford, Marekani, ilikuwa na zaidi ya watu 500 katika idara inayowalipa wauzaji wake wa Amerika ya Kaskazini. Wakuu walipiga hesabu kuwa wakileta kompyuta wangepunguza watu kwa asilimia 20. Kisha wakaitazama Mazda ya Japani, ambayo Ford ilikuwa na hisa zake, wakakuta kazi kama hiyo inafanywa na watu watano. Mazda ilikuwa kampuni ndogo zaidi, lakini hata ukiuhesabu udogo wake, tofauti ilikuwa kubwa mno. Walipochunguza kwao wakaona kuwa ofisi ililinganisha karatasi tatu: oda ya ununuzi, hati ya kupokea mzigo, na ankara ya muuzaji. Muda mwingi wa wale watu ulikwenda kutafuta kwa nini karatasi hizo hazikubaliani. Ford ikaiondosha ankara. Oda iliingizwa kwenye kompyuta siku ile ile ilipotolewa. Mzigo ukifika, mpokeaji anatazama kwenye skrini pale pale mlangoni. Ukilingana na oda anaupokea na malipo yanatoka, usipolingana unarudishwa. Watu wa idara ile wakapungua kwa asilimia 75. Michael Hammer, mtaalamu wa Marekani wa fani hiyo aliyekiandika kisa hiki mwaka 1990, aliwataka wakuu wa mashirika waache kuitia kompyuta kwenye kila hatua ya zamani, na waziondoshe kabisa hatua ambazo hazina kazi tena.

Mimi jambo ninaloliona kubwa zaidi katika kisa hicho ni mahali uamuzi ulipohamia. Ulitoka kwenye idara nzima ukaenda kwa mtu mmoja aliyesimama mlangoni, kwa sababu taarifa aliyoihitaji ilimfuata pale alipo. Katika chama chenu, mlango huo ni kaunta ya karani.

Ushahidi uko hata hapa kwetu. Malaria ilipopungua sana Zanzibar, hadi maambukizi yakawa chini ya asilimia 1, hatari iliyobaki ilikuwa mripuko wa ghafla. Kwa taarifa za karatasi, zinazojumlishwa kituoni kisha zikapanda wilayani na makao makuu, mripuko hujulikana ukiwa umeshasambaa. Mwaka 2008 vituo vya afya vikaanza kutuma idadi ya wagonjwa kila wiki kwa simu za kawaida za mkononi. Kufikia mwaka 2012 ikaongezwa hatua ya pili: mgonjwa mmoja tu akigunduliwa, taarifa inamfikia ofisa ufuatiliaji wa wilaya kwenye kifaa chake, naye anakwenda kituoni, kisha mpaka nyumbani kwa mgonjwa, anawapima wanaoishi humo na kuwatibu watakaokutwa na vimelea. Namba ambayo zamani ingekaa kwenye rejista ikisubiri kujumlishwa, sasa inamtoa mtu ofisini na kumpandisha pikipiki siku hiyo au ya pili yake. Simu za vituoni zilikuwa za kawaida tu. Kilichopangwa upya ni nani afanye nini taarifa ikiingia.

Hicho kiwe kipimo chenu kwa kila mstari wa fomu. Taarifa hii ikiingia, nani anafanya nini, na kwa muda gani? Kama hakuna jibu, mstari huo futeni. Najua fomu za mikopo zinazouliza idadi ya watoto, kazi ya mume na jina la skuli aliyosoma mwombaji, na hakuna mtu ofisini anayezisoma.

Sasa tuzikague saini, moja moja. Kila saini iulizeni mambo mawili. Anayeitia anajua nini ambacho waliomtangulia hawakijui? Na katika mwaka uliopita, amewahi kukataa? Barua ya sheha ina maana kubwa kwa anayejiunga, maana inathibitisha kuwa ni mkaazi na anajulikana. Lakini mwanachama wa miaka kumi, ambaye namba yake ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi mnayo kwenye mfumo, sheha anawaongezea nini kila akija kukopa? Muulizeni mwanachama kama amehama; akisema amehama, hapo barua idaiwe. Saini ya mwenyekiti nayo, kwa mkopo uliokwishapitishwa na kamati ndani ya sera iliyopitishwa na bodi anayoiongoza yeye mwenyewe, inathibitisha tu kuwa kamati imekaa. Hilo kumbukumbu za kikao zinalithibitisha.

Kuna saini ambazo hazitaguswa. Anayeingiza maombi asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayetoa fedha, hata kama ofisi ina watu watatu tu. Wezi wa vyama vya akiba mara nyingi hupitia pale ambapo mtu mmoja ameshika kazi mbili kati ya hizo, na kompyuta ikiwekwa bila kulijali hilo inawarahisishia. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, lisiloandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukutani, na mfumo uweke kumbukumbu ya aliyebadilisha kitu na saa aliyokibadilisha.

Baada ya hapo igaweni mikopo kwa hatari yake, kwa sababu leo mwalimu anayetaka laki mbili anapita njia ile ile ya mtu anayetaka milioni tano. Mkopo usiozidi akiba ya mwanachama mwenyewe, ikiwa akiba hiyo haijafungwa kwa kumdhamini mtu mwengine, uamuliwe kaunta na karani, maombi yakiwa yameingizwa na mtu mwengine, na ulipwe na wa tatu siku hiyo hiyo. Fedha zake ziko kwenu tayari. Kamati haina cha kujadili. Mikopo mikubwa sana iendelee kwenda kamati na kutembelewa, na wala msiiharakishe. Hii ya katikati, inayozidi akiba lakini haivuki kikomo cha masharti yenu (vyama vingi huweka mara tatu ya akiba), ndiyo iliyo mingi na ndiyo inayohitaji kupangwa vizuri.

Hapo mfumo utawasaidia hasa kwenye wadhamini. Tuseme mdhamini ana akiba ya shilingi 1,200,000. Mwenyewe anadaiwa 500,000, na ameshamdhamini jirani yake kwa 400,000. Kilichobaki huru ni 300,000. Leo analetwa adhamini 600,000. Kwa leja, mhasibu atalijua hilo baada ya siku kadhaa, mwanachama ameshavuka maji kurudi Kojani, na itabidi aanze upya kutafuta mdhamini mwengine. Kwa mfumo uliopangwa sawasawa, karani anaingiza namba ya mdhamini, skrini inaonesha 300,000, na mwombaji bado yuko kwenye kiti mbele yake. Anapiga simu kwa ndugu, anapata mdhamini wa kuziba pengo, au anapunguza kiasi. Pengine wiki nzima imeokolewa hapo. Na kila dhamana inapoandikwa kwa jina la mtu, mpelekeeni meseji na mumpigie. Saini ya mdhamini kwenye fomu ni rahisi kughushi, na kuna watu wazima wengi waliojua kuwa ni wadhamini siku walipoanza kudaiwa.

Kamati nayo ikae kila wiki, siku moja isiyobadilika, na ipelekewe orodha ambayo mahesabu yake yameshahakikiwa na mfumo. Wanakamati wasitumie tena muda wa kikao kutafuta salio. Wafanye kazi ambayo hakuna kompyuta inayoiweza: kumjua mtu, kuijua biashara yake, kujua kama mwaka huu amepata mtihani. Kikao cha namna hiyo hakichoshi, na hakihitaji siku nzima.

Mpaka hapa nimezungumzia mkopo wa siku za kawaida. Kwa chama cha Pemba, mkopo wa karafuu una hesabu yake peke yake, na mkiupanga upya huu, mtakuwa mmewafanyia wanachama jambo kubwa kuliko hayo mengine yote.

Karafuu haingoji kikao. Inachumwa kabla ua halijafunguka. Ikipitishwa inakuwa mpeta na thamani yake inaporomoka. Mwenye shamba anahitaji fedha taslimu za kuwalipa wachumaji kwa pishi, jioni kwa jioni, kuwalisha waliopiga kambi, na kununua majamvi ya kuanikia. Mkopo ukimfikia wiki tatu baadaye, ameshakopa kwa mtu wa mtaani kwa masharti mabaya, au ameshaiuza karafuu ingali mtini kwa bei ya kutupa. Fedha zenu anazipokea wakati hazimsaidii tena, na deni linabaki.

Ofisi inazidiwa wakati huo kwa sababu wakulima wote wanakuja pamoja. Mfumo wenu unaweza kuuhamisha uamuzi ukaja kabla. Taarifa mnazo, kama zimeingizwa vizuri: nani alikopa msimu uliopita, kiasi gani, alilipa lini, ana akiba gani, nani anamdhamini. Miezi miwili kabla ya msimu, wakati ofisi imetulia, toeni orodha ya wakulima wa karafuu, waiteni waombe mapema, na kamati imuwekee kila mmoja kikomo chake. Wadhamini wasaini wakati huo. Karafuu ikishakomaa, mkulima anakuja kuchukua tu, na achukue kidogo kidogo kwa kadiri uchumaji unavyokwenda, ili asilipie faida fedha zilizolala ndani. Tarehe ya marejesho ifuate siku anayouza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, isiwe tarehe 30 ya kila mwezi kama ya mwalimu anayekatwa kwenye mshahara. Bodi iweke na dari ya jumla: mikarafuu haizai sawa kila mwaka, na chama kilichoweka fedha zake zote kwenye msimu mmoja kinaweza kuzama nao. Dari hiyo mfumo uioneshe kila siku: imebaki kiasi gani.

Wavuvi wa Kojani wana kalenda yao, ya bamvu (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) na pepo. Kaeni nao muwapangie marejesho yanayofuata vipato vyao. Waruhusuni walipe kwa simu, wakitumia namba ya uanachama kama kumbukumbu ya malipo, ili fedha iingie kwenye akaunti yake bila karani kukaa akikisia ni ya nani. Kumvusha mtu maji kuja kulipa elfu ishirini ni kumtoza nauli juu ya deni.

Hayo yote yanasimama juu ya salio sahihi, nalo hamna. Nalisema hili nikijua kuwa ndiyo kazi nzito kuliko zote, na ndiyo inayokwepwa. Kuandika mara mbili hakukuwapeni usalama. Kumekuzalieni vitabu viwili vinavyobishana, na siku mwanachama akilalamika hamjui kiaminiwe kipi. Chagueni siku moja, ikiwezekana mwisho wa mwezi, muipige mstari. Watangazieni wanachama, msikitini, skulini na kwa masheha, waje na vitabu vyao vya akiba. Kaeni na mwanachama mmoja mmoja: kitabu chake, leja, kompyuta. Yakikubaliana matatu, anatia saini na salio linafungwa. Yasipokubaliana, stakabadhi zitafutwe.

Mtakuta mambo. Mtu mwenye akaunti mbili, moja Asha na moja Aisha. Amana iliyoingizwa kwa mwenye jina linalofanana, maana Pemba majina matatu ya babu na mjukuu hujirudia katika nyumba nne za shehia moja. Ndiyo maana nasisitiza namba ya kitambulisho iwe ndiyo ufunguo, na jina liwe la kusomea tu. Mtakuta akaunti za marehemu ambazo warithi hawajui kama zipo. Hizo zitoeni pembeni, na warithi waitwe. Ni haki yao, na haifai kumezwa na usafishaji wa data.

Baada ya siku ile, endesheni leja na kompyuta pamoja kwa mwezi mmoja tu, mkilinganisha kila jioni. Mwezi ukimalizika na tofauti zimekwisha, leja ifungwe na iwekwe kabatini. Msiiruhusu irudi kwa hoja ya umeme. Hofu ya umeme naielewa. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka kisiwa kukaa gizani, mara ya kwanza takriban mwezi na mara ya pili miezi mitatu. Lakini dawa yake ni betri ya akiba, kompyuta mpakato zinazodumu saa kadhaa, na kitabu cha stakabadhi chenye namba za mfululizo kitakachotumika umeme ukikatika na kuingizwa kwenye mfumo siku hiyo hiyo ukirudi. Kila jioni chapisheni muhtasari wa siku, watu wawili wautie saini, uwekwe faili. Nakala ya data iwekwe kwenye diski inayotoka nje ya jengo, maana nakala iliyo kwenye droo ya chini ya kompyuta itaungua pamoja na kompyuta.

Watu. Wafanyakazi wenu wanajua kuwa mabadiliko ya namna hii mara nyingi huishia kupunguza watu, na mtu mwenye hofu hiyo hataupa mfumo taarifa sahihi. Hammer mwenyewe, mwaka 1996, alikiri hadharani kuwa hakuutilia maanani vya kutosha upande wa binadamu. Semeni mapema, na kwa maandishi, kwamba hakuna atakayeondolewa. Kazi ya kuwapa ipo: mhasibu msaidizi aliyekuwa akipekua leja anaweza kuwa ofisa wa mikopo anayekwenda Kojani, Mtambwe na Konde, kuwatembelea wenye mikopo kabla hawajachelewa. Chama chenu kinamhitaji mtu huyo kuliko kinavyohitaji mwandishi wa pili wa leja. Na karani wa kaunta, ambaye sasa ataamua mikopo midogo, apandishwe cheo au posho. Mmempa dhamana, apewe na haki yake.

Kwa mwenyekiti, usimwendee kwa habari ya kumuondolea saini. Heshima yake ni ya kweli na chama kinaihitaji. Mwendee na ukurasa mmoja wa kila Jumatatu: maombi yaliyokaa zaidi ya siku tatu na kwa nani yamekaa, marejesho yaliyopitiliza, fedha zilizopo za kukopeshea, na tofauti ambazo hazijapatiwa maelezo. Kwa ukurasa huo ataona mambo ambayo hakuna mwenyekiti aliyemtangulia aliyewahi kuyaona, na atajua wapi aulize. Mabadiliko yenyewe yapite kwenye bodi, yaandikwe kwenye sera ya mikopo, na lolote linalogusa masharti ya chama liende mkutano mkuu na kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Mkaguzi akija, karatasi ziwepo.

Baada ya haya, pengine mtagundua kuwa programu mliyonayo haiwezi kukokotoa dhamana au haiwezi kuweka kikomo cha msimu. Hapo ndipo muuzaji aitwe, na mtakuwa mnajua cha kumuuliza. Mwambieni afungue skrini mbele yenu na kuupitisha mkopo wa mkulima wa karafuu, mwanzo hadi mwisho, na wadhamini wake wawili. Muulizeni kama mnaweza kubadilisha aina ya mkopo wenyewe bila kumlipa. Muulizeni nani atakuja Wete ikiharibika siku ya Jumamosi, na baada ya saa ngapi. Na kwenye mkataba iandikwe kuwa data ni mali ya chama, na kwamba siku mkiachana naye atakukabidhini yote katika mafaili ya kawaida yanayofunguka kwenye Excel. Akisitasita kwenye hilo la mwisho, mwacheni aende.

Anza na yale mafaili kumi, Bi Katibu, kabla bodi haijakaa kuijadili bei. Ukishaipata ile jaduweli ya tarehe niletee, ufute majina ya wanachama kwanza, nikuoneshe hatua gani ya kuigusa mwanzo na ipi iachwe mpaka msimu upite.